Kisu kilichopinda kidogo si chuma chakavu

SIKU ya gulio, mnunuzi wa kisu mjini Mombo hufanya jambo moja kabla hajauliza bei. Hukiinua kisu usawa wa jicho, hufumba jicho jingine, kisha huutazama mgongo wake kuanzia mpinini hadi nchani kama seremala anayechagua mbao. Akiona umekwenda kombo hata kwa unene wa punje ya mchele, hukirudisha chini.

"Fundi, hiki kimelala upande."

"Mzee wangu, kisu kinakata. Hakiendi kusimamishwa ukutani."

Biashara huishia hapo, au huendelea kwa nusu ya bei. Mnunuzi huondoka akiamini kwamba mafundi wa siku hizi hawajui kazi. Fundi hubaki akiamini kwamba wateja wa siku hizi wamezoea vitu vya dukani. Wote wawili wamekosea. Kisu kupinda kidogo baada ya kutiwa moto na kuzamishwa si dalili ya fundi mbovu, kwani hata viwandani visu hupinda. Lakini kumpelekea mkulima kisu kombo, wakati kingeweza kunyooshwa kwa mkaa wa siku hiyo hiyo na sarafu moja, huo ni uvivu, na uvivu huo una gharama.

Hasara ya kisu cha namna hiyo huja mwishoni kabisa. Fundi amekwisha kununua kipande cha springi ya gari, ambacho siku hizi anakigombania na wanunuzi wa chuma chakavu. Amechoma mkaa, amefua, amepiga tupa, amelipa kijana wa kuvukuta. Hatua iliyobaki ni kukipasha hadi kiwe chekundu na kukizamisha ili kigumu. Hapo ndipo kinapotoka kimepinda. Tuchukue mfano wa fundi aliyefua visu 10 kwa wiki, vitatu vikatoka kombo. Akivitupa, ametupa karibu theluthi ya wiki yake. Akiviuza nusu bei, faida ya vile saba inakwenda kufidia vile vitatu.

Iko njia ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote na ndiyo inayotumika sana. Fundi hukiweka kisu juu ya fuawe kikiwa baridi na kigumu, akakipiga nyundo hadi kinyooke. Mara nyingi hukatika palepale, na hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni pale kinaponyooka huku ndani kimepata ufa usioonekana, kikapakwa mafuta, kikatiwa mpini na kuuzwa. Ufa huo hautaonekana gulioni. Utaonekana shambani, siku kisu kitakapovunjika katikati na kipande kuruka usoni mwa mtu.

Kwa watu wa ukanda huu jambo hili si dogo. Mombo ni njia panda. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, na tangu hapo mji umekuwa mahali ambapo mazao ya milimani hukutana na watu wa bondeni. Juu, kwa barabara ya Soni hadi Lushoto, kuna mboga na matunda. Chini kuna mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Mombo na mashamba ya mkonge yanayoendelea hadi Korogwe na Hale. Ukivuka kuelekea Handeni kuna mahindi na mifugo. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao anayefanya kazi bila kitu chenye makali: panga la kufyekea, mundu wa mpunga, kisu cha kuchinjia, sime ya mfugaji.

Mkata mkonge ndiye anayeumia zaidi na kisu kombo. Yeye hulipwa kwa kiasi alichokata, na majani huhesabiwa kwa mizigo ya majani 30. Jani hukatwa karibu kabisa na shina, na bapa la kisu hupita likiwa limelala sambamba na shina lile. Kisu kilichopinda upande mmoja hufanya moja kati ya mawili: huchimba shina na kuujeruhi mmea, au huacha kipande cha jani chenye nyuzi ambazo mwenye shamba angeziuza. Mkono nao huchoka kwa kukirekebisha kila pigo. Mkata anayefanya hivyo mamia ya mara kwa siku hahitaji kuelezwa na mtu tofauti ya kisu kilichonyooka na kisichonyooka.

Mkonge wenyewe umepanda na kushuka. Uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukafikia karibu tani 230,000 mwaka 1964, kisha ukaporomoka. Leo wakulima wadogo wa Korogwe wamo katika vyama vya ushirika vya msingi kama vya Magunga, Mwelya, Hale na Ngombezi. Mkulima mdogo hana stoo ya kampuni inayogawa visu. Hununua kisu chake mwenyewe, kwa fedha yake, kwa fundi aliye karibu. Kwa hiyo ubora wa fundi wa Mombo ni sehemu ya gharama za uzalishaji wa mkonge, kama ulivyo usafiri.

Wapo wanaosema ufundi huu si wetu, kwamba kisu kizuri lazima kitoke nje. Hao wangetazama kaskazini kidogo. Katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na simulizi za Ugweno zinasema wahunzi hao ndio waliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kagera nako, Wahaya waliyeyusha chuma kwa tanuri zenye joto kali sana karne nyingi kabla ya wageni, jambo lililoandikwa na watafiti wa Marekani mwaka 1978 na kuwashangaza wengi. Uhunzi tulikuwa nao. Kilichopungua ni uangalifu wa hatua ya mwisho, hasa tangu fundi aanze kutumia chuma cha springi, ambacho ni kikali kuliko chuma laini cha zamani na hakisamehi haraka.

Basi kisu hupindaje? Chuma cha springi kikipashwa hadi sumaku isikishike tena, yaani karibu nyuzi joto 770, na kikiongezwa joto kidogo juu ya hapo, mpangilio wake wa ndani hubadilika. Kikipozwa taratibu hurudi kuwa laini. Kikipozwa ghafla hunaswa katika hali nyingine, ambayo ni ngumu na pia imevimba kidogo. Uvimbe huo ndio kiini cha matatizo. Upande mmoja wa bapa ukipoa kabla ya mwingine, pande hizo mbili hazivimbi kwa pamoja. Husukumana, na kisu huinama. Wajapani wameufanya uvimbe huo kuwa mtumishi wao: upanga wao hupakwa udongo mzito mgongoni ili makali yapoe kwanza, na tao lile maarufu huongezeka wakati wa kuzamishwa. Wao walitaka tao. Mkata mkonge hataki.

Sababu za pande mbili kupoa tofauti ni za kawaida kabisa. Fundi amepiga tupa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kisu kimelala motoni ubavu mmoja umegusa mkaa na mwingine umepigwa na upepo wa mvukuto. Kimeingizwa ndani ya mafuta kimeinama, badala ya kushuka wima. Kimekorogwa kushoto na kulia, kama mtu anayekoroga uji, wakati kilipaswa kusogezwa kuelekea upande wa makali na upande wa mgongo tu. Au fundi ametumia maji. Maji ya ndoo hupoza kwa ukatili mno kwa chuma cha springi. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi yawe na joto la kuvumilika kwa kidole kwa muda mfupi tu, karibu nyuzi 50 hadi 60, hupoza taratibu zaidi na bado kisu kinagumu. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni ya bure, ina moshi wa sumu. Kifua cha fundi si cha bure. Chombo kiwe cha chuma, chenye mfuniko karibu, kwa sababu mafuta huwaka.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika. Springi ilikuwa na tao lake tangu kiwandani, kisha ikabeba lori kwa miaka mingi, kisha ikapigwa nyundo. Mivutano yote hiyo imo ndani ya chuma. Fundi mwenye busara, baada ya kufua na kabla ya kuzamisha, hukipasha kisu hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe hewani, akarudia mara mbili au tatu. Kama kitapinda kwa mivutano ya zamani, kitapinda hapo, kikiwa laini, na kitanyooshwa kwa nyundo ya mti juu ya gogo bila hasara yoyote. Vilevile hasagi makali hadi yawe membamba kabla ya kuzamisha. Huyaacha na unene wa sarafu, akamalizia baadaye. Makali membamba yakizamishwa hujikunja kama jani kavu.

Hata akifanya yote hayo, baadhi ya visu vitapinda. Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani, miji iliyoishi kwa visu kwa mamia ya miaka, ilihesabu kunyoosha kuwa ni kazi yenye mafundi wake. Jambo la kujifunza kwao ni hilo tu: kunyoosha kuhesabiwe ni hatua ya kazi, kuwe na muda wake na vifaa vyake, kusiwe ni tendo la hasira mwisho wa siku.

Wakati bora wa kunyoosha ni dakika ambayo mafundi wengi huipoteza wakijifuta jasho. Kisu kinapotoka katika mafuta baada ya sekunde chache, wekundu umekwisha lakini bado kinaunguza. Kwa chuma cha springi, ugumu hasa huanza kuingia joto linaposhuka chini ya karibu nyuzi 250. Kabla ya hapo, na kwa muda mfupi baadaye, kisu hicho bado kinakubali kukunjwa. Fundi aliyevaa glavu za ngozi anaweza kukitazama mgongo wake, akakinyoosha kwa mikono au kwa kukibana kati ya mbao mbili zilizonyooka, na akakiacha kipoe kimebanwa. Samaki mkunje angali mbichi. Wahenga walikuwa wakisema juu ya watoto, lakini fundi anaweza kuichukua neno kwa neno. Muda wenyewe ni nusu dakika hadi dakika moja, na kwa kisu chembamba ni mfupi zaidi. Akisikia kinakataa, asilazimishe. Mlango umekwisha kufungwa, na nguvu ya ziada itakivunja.

Tangu hapo kisu ni kama kioo. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika. Hiki ndicho kisu ambacho baadhi ya mafundi hukipiga nyundo kikiwa baridi, na ndicho ambacho baadhi huuza hivyo hivyo kwa kuwa tupa inateleza juu yake na mteja anafurahi kuona ni kigumu. Ugumu usiorudishwa nyuma kidogo kwa moto mdogo ni hatari. Kisu lazima kirudishwe motoni, tena mapema, kisilale hadi kesho.

Moto huo ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa kwanza. Kisu kikisuguliwa kwa msasa hadi king'ae, chuma chenyewe kitaonyesha joto lake kwa rangi. Manjano ya majani makavu huja kati ya nyuzi 200 na 230, nayo yanafaa kisu cha jikoni. Hudhurungi huja karibu na 250, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Panga na kisu cha mkonge, vinavyopigwa na kupindishwa kutwa nzima, vinataka kufika zambarau au buluu. Asiye na oveni, na Mombo ni wachache walio nayo, hutumia sufuria kuukuu iliyojaa mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa. Mchanga hugawa joto sawasawa na huzuia kisu kuguswa na kaa moja kwa moja. Saa moja inatosha, na ni vema kurudia mara ya pili.

Ni katika moto huo mdogo kisu kilichopinda hupata nafasi yake ya pili, na hapa ndipo sarafu inapohitajika. Baada ya kurudishwa motoni mara ya kwanza, kisu si kioo tena. Fundi hutafuta pande nene la chuma lililonyooka, kwa mfano kipande cha engo. Hukilaza kisu juu yake, upande wenye tumbo ukitazama chini, kisha huweka sarafu kati ya tumbo hilo na chuma. Halafu huzivuta ncha mbili za kisu chini taratibu kwa bolti na nati, kila upande kidogo kidogo, hadi kisu kiiname kinyume cha kilivyokuwa. Vyote pamoja hurudi ndani ya mchanga wa moto kwa saa moja, hupoa, ndipo hufunguliwa.

Mara nyingi kitarudi kombo sehemu ya njia. Hilo lisimkatishe tamaa. Huongeza sarafu ya pili, akarudia. Asichoruhusiwa ni kuongeza joto kupita ile rangi aliyoikusudia, kwa sababu atapata kisu kilichonyooka lakini laini kama bati. Wala asianze na sarafu tatu kwa pupa. Kisu kilichopinda milimita mbili huhitaji kuvutwa kinyume zaidi ya hizo mbili ili kibaki sawa, lakini kipimo chake hupatikana kwa kujaribu, na kila chuma kina ukaidi wake.

Kwa kombo dogo sana, lile la kuonekana na jicho la mnunuzi mwenye kisirani tu, kuna dawa ya tatu. Kisu kilichokwisha kurudishwa motoni hulazwa juu ya fuawe, upande wenye bonde ukitazama juu. Ndiyo, upande wa bonde, na hapa wengi hukosea, kwani mkono wenyewe hutamani kupiga tumbo. Kwa nyundo ndogo ngumu yenye kichwa chembamba, fundi hugonga bonde hilo vidoto vidogo vingi vilivyopangana. Kila kidoto hutanua chuma cha juu kidogo sana, upande wa bonde ukarefuka, kisu kikanyooka chenyewe. Hii si kazi ya nguvu. Anayesikika mlango wa tatu akiifanya ameikosea. Avae miwani. Vidoto huondolewa baadaye kwa jiwe la kunolea, au huachwa.

Kombo likiwa kubwa, au likiwa la kujisokota kama kamba, ni busara kuachana na hayo yote. Kisu kirudishwe motoni hadi kiwe chekundu, kinyooshwe kikiwa laini, kiachwe kipoe hewani, kisha kizamishwe upya. Hasara ni mkaa tu. Na kama kimepata ufa, hapo hakuna dawa. Fundi anaweza kuuona ufa kwa njia rahisi: hupaka kisu mafuta ya taa, husubiri kidogo, hufuta kikauke, kisha hupaka vumbi la chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha hutoka na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki. Kisu cha namna hiyo kikatwe kiwe kisu kifupi, au kiende kweli kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Mafundi watauliza, na wana haki ya kuuliza, nani atalipia mkaa na saa hizo zote. Mteja wa gulioni analinganisha bei yao na panga la dukani lililotoka ng'ambo kwa kontena. Zamani kulikuwa na viwanda vya serikali vya zana za kilimo, UFI pale Ubungo na ZZK kule Mbeya, na wazee bado wanakumbuka majembe yao. Leo mshindani wa fundi ni duka. Lakini hesabu ya mkaa ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, mradi kazi ifanywe kwa mkupuo. Sufuria moja ya mchanga hubeba visu 10 kwa moto ule ule unaobeba kimoja. Jiko linalochemsha maharage ya mchana linaweza kubeba sufuria ya mchanga baadaye. Mapande mawili ya engo yenye bolti hudumu miaka. Sumaku hutoka katika spika mbovu ya redio. Mafundi wanne au watano walio jirani wakikubaliana siku moja ya wiki ya kuzamisha na kurudisha, gharama kwa kila kisu inashuka hadi kufikia kiasi ambacho hata mteja mgumu hawezi kukikataa.

Na kuna jambo ambalo duka haliwezi. Panga la kontena limetengenezwa kwa kila mtu, kwa hiyo halikutengenezwa kwa yeyote. Fundi anaweza kumuuliza mkata mkonge urefu wa mkono wake, anaweza kumwambia mama wa mpunga kwamba mundu ukipinda aurudishe na utanyooshwa bure. Ahadi ya kunyoosha bure ndani ya msimu mmoja ndiyo biashara yenyewe. Fundi anayejua kwamba kisu kitarudi kwake hatathubutu kukipiga nyundo kikiwa baridi.

Wanunuzi nao wasijione wameonewa tu. Kutazama mgongo kwa jicho moja ni nusu ya kipimo. Kisu kikandamizwe ncha yake juu ya ubao hadi kiiname kidogo, kisha kiachiwe. Kikirudi kama kilivyokuwa, kina uhai. Kikibaki kimeinama, ni laini. Mnunuzi asisimame mbele ya ncha wakati wa kujaribu, na mtoto asiwe karibu. Kisu kigongwe kwa ukucha au kwa fimbo ndogo: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Tupa ipitishwe kwenye makali. Iume kwa shida. Ikiteleza kabisa kama juu ya chupa, aulizwe fundi kama kisu kilirudishwa motoni. Na bapa likiwa na alama kubwa za nyundo juu ya sehemu iliyokwisha kusuguliwa, mnunuzi akiweke chini hata kama kimenyooka kama rula. Alama hizo zinaeleza kilinyooshwaje.

Wachuuzi wanaonunua visu kwa jumla na kuvipandisha Lushoto au kuvipeleka magulio ya Handeni wana lawama yao pia. Wao ndio wanaomkaba fundi kwa bei moja, kilichorudishwa motoni na kisichorudishwa, kisha wakipata malalamiko husema "hivi ni visu vya Mombo". Jina la mji linachafuka kwa ajili ya shilingi chache za mkaa. Mchuuzi mwenye akili angelipa zaidi kidogo kwa kisu chenye alama ya fundi mgongoni, na angekikataa kisicho na alama. Kila fundi afue alama yake, hata kama ni nukta tatu. Wahunzi wa zamani walijulikana kwa kazi zao bila karatasi, na mfugaji wa Kimasai hadi leo hujua sime yake ilifuliwa na nani.

Kwa upande wa serikali, yanayohitajika hapa hayajengi jengo wala hayazinduliwi kwa utepe. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi, ina ofisi mkoani Tanga. Mafunzo ya siku mbili chini ya mwembe, pamoja na kipimajoto kimoja cha kuazimana, yangewafaa mafundi hawa kuliko semina ya wiki nzima hotelini kuhusu ujasiriamali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wanaovukuta kwa mafundi wa Mombo wanastahili kuwa kikundi kama walivyo waendesha bodaboda, na mahitaji yao ni madogo: jiliwa moja imara, pipa la mafuta lenye mfuniko, miwani ya kukinga macho, grenda na mtu wa kuwaonyesha namna ya kusaga bila kuunguza makali. Maana hata kisu kilichonyooka vizuri huharibiwa na grenda. Makali yakigeuka buluu wakati wa kusaga, ugumu umekwisha toka, na hakuna atakayejua hadi kitakapokunjika kwenye jani la kwanza. Ni kuchovya majini kila baada ya mipigo michache, na kusaga kidole kikiwa karibu na chuma. Kidole kikishindwa kuvumilia, grenda inyanyuliwe.

Vyama vya ushirika vya mkonge vina uwezo mkubwa zaidi kuliko SIDO na halmashauri, ingawa havijauona. Vinajua ni wakataji wangapi wanaingia shambani na visu vingapi vinachakaa kwa msimu. Chama kikiagiza visu vyake kwa mafundi wa karibu kwa sharti moja lililoandikwa, kwamba kila kisu kirudishwe motoni, kijaribiwe kwa kuinamishwa na kiwe na alama ya aliyekifua, mafundi watabadilika ndani ya msimu mmoja bila semina yoyote. Oda ya visu 50 inafundisha haraka. Na kwa kuwa mvua za masika hazimsubiri mtu, oda hiyo ingefaa itolewe mapema, fundi apate muda wa kuweka sarafu ya pili pale ya kwanza itakaposhindwa.